Bili na Bondi za Serikali: Fedha Zako Zitajizidisha Mara Mbili kwa Miaka Mingapi?

Ukimpa Serikali ya Kenya shilingi 100,000 leo, utazipata 200,000 lini? Kwa riba za karibuni jibu ni kati ya miaka 5 na nusu na miaka 12 na nusu. Tofauti ni kubwa, na haitokani na bahati. Sehemu yake ni aina ya hati unayonunua, bili (mkopo kwa Serikali wa chini ya mwaka) au bondi (mkopo wa miaka), na kodi inayokatwa. Sehemu kubwa zaidi, ile ambayo wengi hawaambiwi, ni kile unachofanya na riba ikishaingia kwenye akaunti yako.

Mwongozo huu umeandikwa kwa aliyeko Lamu au Malindi, mwenye kitambulisho, simu na akaunti ya benki. Zamani aliyetaka kununua hati hizi alijaza fomu na mara nyingi ilimbidi afunge safari hadi tawi la Benki Kuu pale Nkrumah Road, Mombasa. Mtu wa Lamu alivuka maji hadi Mokowe, akapanda basi la Garsen na Malindi, siku nzima njiani kwa ajili ya karatasi moja. Tangu 2023 kazi hiyo inafanyika kwenye simu, kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Dhow ndilo jahazi, kwa hiyo jina lenyewe halitakuwa geni kwa mtu wa pwani.

Hesabu ya 72

Chukua 72, ugawanye kwa riba ya mwaka baada ya kodi. Unachopata ni miaka ya fedha kujizidisha mara mbili, kwa sharti kwamba riba yote inarudishwa kazini. Riba ikibaki asilimia 8 mkononi, 72 ukigawa kwa 8 unapata miaka 9. Ikibaki asilimia 6, miaka 12. Ikibaki asilimia 12, miaka 6.

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inakaribia sana ukweli kwa riba za kati ya 5 na 12. Riba ikipanda sana inakuonyesha muda mfupi kuliko ulivyo: kwa asilimia 18 inakupa miaka 4 kamili, ilhali hesabu ya uhakika ni miaka 4 na miezi miwili na ushei. Kwa riba ya asilimia 4 inakosea upande wa pili, inakupa miaka 18 badala ya 17 na miezi minane. Kwa kupanga mambo ya nyumbani inatosha kabisa.

Kosa la kwanza hutokea hapa: watu hugawa kwa riba iliyotangazwa badala ya ile inayobaki baada ya kodi. Bili za hazina hukatwa kodi ya asilimia 15 ya riba. Bondi ya muda wa chini ya miaka 10 hukatwa asilimia 15 vilevile. Ya miaka 10 au zaidi hukatwa asilimia 10. Bondi za miundombinu, zile ambazo nambari zake huanza na IFB, zimekuwa zikitolewa bila kodi, na ndiyo sababu hugombaniwa. Kabla ya kununua yoyote, soma mstari wa kodi kwenye waraka wa toleo, yaani maelezo rasmi ya hati inayouzwa, kwa maana sheria za kodi huguswa karibu kila mwaka.

Tuchukue riba moja ya asilimia 13 tuipitishe kwenye milango yote mitatu. Kwa bondi ya miaka 5, kodi ikitoka inabaki 11.05, yaani miaka 6 na nusu. Kwa bondi ya miaka 15 inabaki 11.7, yaani miaka 6 na miezi miwili hivi. Kwa bondi ya miundombinu inabaki 13 yote, na 72 kwa 13 ni miaka 5 na nusu. Ukitaka kulinganisha bondi isiyo na kodi na ile inayokatwa asilimia 15, gawa riba ya isiyo na kodi kwa 0.85. Asilimia 13 bila kodi ni sawa na 15.3 yenye kodi.

Kwa nini hati zetu hazijizidishi zenyewe

Ziko nchi ambazo serikali huuza hati iliyoandikiwa muda wa kurudi maradufu. India ina Kisan Vikas Patra, iliyoanza 1988. Wakati huo ilirudisha maradufu kwa miaka 5 na nusu. Kwa riba ya asilimia 7.5 iliyowekwa Aprili 2023, inachukua miezi 115. Mwenye hati hafanyi kitu, anangoja tu, kwa kuwa riba inaongezwa ndani ya hati mwaka hadi mwaka.

Hati za Kenya haziko hivyo. Bili huuzwa kwa bei pungufu na siku ikifika unalipwa thamani kamili. Bondi hukulipa riba kila baada ya miezi sita, halafu mtaji mwishoni. Katika hali zote mbili riba hutoka nje ya hati ikaingia akaunti yako ya benki. Ikikaa huko haizai kitu cha maana. Ikiliwa, mtaji wako utarudi vilevile ulivyokwenda, hata upite muda gani.

Tuitazame bili moja kwa karibu. Umenunua bili ya siku 91 yenye thamani ya 100,000, kwa riba ya asilimia 8. Bei yake ni 100,000 ukigawa kwa moja na sehemu ya riba ya siku hizo 91, yaani 1.019945, ambayo ni 98,044. Riba ni 1,956. Kodi ya asilimia 15 juu yake ni 293. Inayobaki yako ni 1,662 kwa miezi mitatu, ukiwa umetoa 98,338.

Siku 91 zikiisha unalipwa 100,000. Unanunua tena bili ya 100,000, inakugharimu 98,338, na 1,662 inabaki benki. Huwezi kuirudisha kwenye bili, kwa sababu kiwango cha chini cha kununua ni thamani ya 50,000. Hapo ndipo mwenye fedha kidogo anapokwama. Itakubidi ungoje mizunguko 30, zaidi ya miaka 7, ndipo mabaki yafike bei ya kununua bili nyingine ya 50,000. Kutoka hapo unashika 150,000, mabaki yanakuwa 2,493 kila mzunguko, na mizunguko 20 mingine inakufikisha 200,000. Jumla ni mizunguko 50 ya siku 91, yaani miaka 12 na nusu.

Lau kila shilingi ya riba ingerudi kazini siku ileile, safari hiyo ingechukua miaka 10 na miezi minne hivi. Miaka miwili na zaidi imepotea kwa sababu ya fedha ndogondogo zilizolala benki.

Mwenye thamani ya 1,000,000 hana shida hii kwa kiasi hicho. Mabaki yake ni 16,620 kila mzunguko, na kwa mizunguko mitatu ananunua bili mpya. Kwa hiyo wenye fedha kidogo wana sababu nzuri ya kununua kwa pamoja. Chama cha watu kumi wenye 100,000 kila mmoja, kikiwa kimesajiliwa na kina akaunti ya benki kwa jina lake, kinafika mapema kuliko watu hao kumi kila mmoja peke yake, kwa riba ileile. Sharti ni daftari la hisa linaloandikwa kila mzunguko, sahihi zisizopungua tatu, na makubaliano ya maandishi juu ya mwanachama anayetaka kutoka katikati.

Aliye peke yake ana njia ya pili: mabaki yapeleke kwenye mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mifuko hii hupokea kiasi kidogo sana na huongeza riba juu ya riba. Mabaki yakifika 50,000, yatoe, nunua hati. Angalia ada ya uendeshaji ya mfuko, kwa maana inakatwa kabla ya riba unayotangaziwa kukufikia.

Bili au bondi?

Bili ziko tatu: siku 91, siku 182 na siku 364. Huuzwa kwa mnada kila wiki, siku ya Alhamisi. Bondi hutangazwa karibu kila mwezi, za miaka 2 hadi 30, na mnada wake huwa Jumatano. Zote hulipiwa Jumatatu inayofuata. Jumatatu ikiwa sikukuu, malipo husogea hadi siku ya kazi.

Tofauti ya msingi ni muda ambao riba imefungwa. Bili inakufungia riba kwa siku hizo tu. Katikati ya 2024, bili ya siku 91 ilikuwa karibu asilimia 16. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 8. Aliyepiga hesabu yake 2024 alijiona atapata maradufu kwa miaka 5 na miezi michache baada ya kodi. Mwaka na nusu baadaye hesabu ileile ikawa zaidi ya miaka 10 na nusu, naye hakuwa amekosea popote. Yule aliyenunua bondi ya miundombinu ya Februari 2024, IFB1/2024/8.5, aliifunga asilimia 18.4607 bila kodi, na riba ikishuka sokoni yeye anaendelea kulipwa ileile.

Bondi nayo ina lake. Riba iliyofungwa ni ile ya hati. Kuponi, yaani yale malipo ya riba ya kila miezi sita, huna uhakika utazirudisha kazini kwa riba gani. Tuchukue bondi ya 100,000 ya miaka 15 kwa asilimia 13, uliyoinunua kwa bei ya 100 kwa 100, yaani bei sawa na thamani yake. Kila miezi sita ni 6,500, kodi 650, mkononi 5,850. Ukiziweka tu kuponi bila kuzizalisha, malipo ya 18 ndiyo yanayokufikisha maradufu, yaani mwaka wa 9. Ukizikusanya hadi 50,000 na kununua bondi nyingine ya riba hiyohiyo, unafika malipo ya 15, miaka 7 na nusu. Kuponi zote zikirudi kazini papo hapo, ni miaka 6 na miezi michache.

Ushauri wetu kwa anayekusudia kuzidisha fedha, wala si kula riba: mtaji uweke kwenye bondi ndefu yenye kodi ndogo au isiyo na kodi, kuponi zikae kwenye mfuko wa soko la fedha hadi zifike kiwango, kisha zinunue bondi nyingine. Bili zibakie kwa fedha zenye kazi karibuni. Mvuvi wa Lamu au Malindi aliyepata vizuri wakati wa kaskazi na anajua kusi itamfungia bahari, bili ya siku 91 aliyoinunua Februari inamrudia Mei, wakati nyumba inapoihitaji. Karo ya Januari inafaa kufungwa kwa bili ya siku 182 kutoka Juni. Fedha hizo usizitie kwenye bondi ya miaka 15 kwa kutamani riba.

Bondi nyingi za miundombinu hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya mwisho. Fungu likirudi, kuponi inayofuata hupungua, kwa sababu sasa inahesabiwa juu ya mtaji uliobaki. Watu hushtuka wakidhani wamepunjwa. Tarehe na asilimia za mafungu zimeandikwa kwenye waraka wa toleo. Ziandike kwenye kalenda siku unaponunua, na uwe tayari na mahali pa kulipeleka fungu hilo.

Kufungua akaunti

Akaunti inayoshika hati zako Benki Kuu inaitwa CSD na kufungua ni bure. Mtu akikuomba ada ya kukufungulia, huyo anakula kwa mgongo wako.

Weka tayari kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, barua pepe unayoifungua kila siku, picha yako ndogo, na namba ya akaunti ya benki ya biashara iliyoko Kenya. Pakua programu ya DhowCSD au ingia kwenye tovuti yake kupitia tovuti ya Benki Kuu. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye WhatsApp. Jisajili kama mtu binafsi, jaza, pakia picha za hati, tuma. Wakikubali utapata namba ya akaunti.

Maombi mengi ya pwani hukwama kwa majina. Kitambulisho kimeandikwa Fatma Abubakar Mohamed, benki ina Fatuma A. Mohammed, na KRA ina Fatma Abubakar Muhammad. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watatu. Kabla hujajisajili, weka kitambulisho, taarifa ya benki na cheti cha PIN kwenye meza, ulinganishe herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, rekebisha benki kwanza, kwa sababu benki hubadilisha jina kwa kuonyeshwa kitambulisho tu, kisha KRA. Usijaribu kubadilisha kitambulisho ili kifanane na benki. Hiyo ni safari ya miezi.

Picha za hati zipige mchana, karibu na dirisha, hati ikiwa juu ya kitambaa cheusi, pembe zote nne zionekane. Picha ya usiku chini ya taa hurudishwa.

Akaunti ya benki utakayoiandika ndiyo itakayopokea riba na mtaji. Iwe inayotumika. Akaunti iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na benki, malipo ya serikali yakagonga mwamba, na kuyafuatilia ni kazi ya wiki nyingi.

Kununua

Ingia kwenye mfumo, chagua toleo lililo wazi. Kuna swali moja linalowababaisha wanaoanza: unataka riba ya wastani au unataja yako? Mwenye fedha za kawaida achague riba ya wastani. Ombi la namna hiyo huingia kwenye mnada bila kushindana na unapewa riba ya wastani ya washindani waliokubaliwa. Kutaja riba yako ni kwa wenye mamilioni. Kwa bili lazima uwe na 2,000,000 au zaidi, na ukitaja riba ya juu kuliko inayokubaliwa unaachwa nje kabisa.

Andika thamani unayotaka, mfano 100,000. Hapo unaandika thamani ya hati, wala si fedha utakazotoa. Kwa bili utalipa pungufu ya hapo. Kwa bondi unaweza kulipa pungufu au zaidi. Tuseme bondi ya zamani yenye kuponi ya 15 imefunguliwa tena, na soko linataka 13 tu. Bei itapanda juu ya 100, labda 110 kwa kila 100, na mwisho utarudishiwa 100. Anayegawa 72 kwa kuponi ya 15 anajidanganya. Gawa kwa riba ya mnada, ile 13. Kwenye bondi iliyofunguliwa tena utalipa pia riba ya siku zilizopita tangu kuponi ya mwisho. Fedha hizo hazipotei, zinarudi ndani ya kuponi ya kwanza, lakini usipoziwekea nafasi utapungukiwa siku ya kulipa. Kwa bondi, acha akiba ya asilimia chache juu ya thamani unayoomba.

Tuma ombi kabla ya saa ya kufunga iliyoandikwa kwenye tangazo. Ukiwa Faza, Kizingitini au Kiunga, mahali mtandao unapokuja na kuondoka, tuma siku moja kabla. Ombi lililochelewa kwa dakika moja linangoja wiki nzima kwa bili, na mwezi mzima kwa bondi.

Matokeo yakitoka, ingia tena kwenye mfumo, sehemu ya miamala. Utakuta kiasi kamili cha kulipa, ufunguo wa malipo, na namba ya akaunti ya kupokelea. Viandike vyote vitatu kama vilivyo. Benki iambie unataka RTGS, inayofika siku hiyohiyo. Uhamisho wa EFT unaweza kuchukua siku moja au mbili, na Jumatatu ikipita umeshakosa. Mhudumu wa benki aandike ufunguo wa malipo kwenye sehemu ya maelezo, na ukisome tena kwenye risiti kabla hujaondoka dirishani. Fedha zisizo na ufunguo sahihi hufika bila mwenyewe kujulikana. Lipa kiasi kile hasa, na ada ya benki iwe juu yake. Ukiacha benki ikate ada ndani, itafika pungufu na ombi halitakamilika.

Usipolipa baada ya kushinda mnada, Benki Kuu inaweza kukuzuia kununua tena. Kwa hiyo usiombe kwa fedha ambazo bado unamngoja mtu akulipe.

Baada ya siku mbili tatu, fungua sehemu ya hati zako uhakikishe thamani, tarehe ya mwisho na tarehe za kuponi. Kwa bili, mfumo unakuruhusu kuagiza mapema kwamba ikiiva inunue nyingine. Fanya agizo hilo ukiwa umetulia, maana fedha zikishaingia benki, harusi, mahari na paa linalovuja vyote huziona.

Ukizihitaji kabla ya siku yake

Bondi inauzika kabla ya muda kupitia wakala wa Soko la Hisa la Nairobi. Bei utakayopata inategemea riba ya siku hiyo: riba zimepanda, hati yako imeshuka bei, riba zimeshuka, utauza kwa faida. Benki Kuu yenyewe hununua hati kama njia ya mwisho, kwa riba ya adhabu ya asilimia 3 juu ya ile ya soko, na ukipiga hesabu utaona faida ya mwaka mzima imekwenda. Ni bora kuchukua mkopo mdogo benki na kuweka bondi kama dhamana, jambo ambalo benki nyingi zinakubali.

Maradufu ya shilingi na maradufu ya kikapu

Hesabu ya 72 inafanya kazi kwa bei za vitu pia. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ukipanda au kushuka 2.5. Kwa asilimia 5, bei ya mchele, mafuta na nauli ya boti hujizidisha mara mbili kwa miaka 14 hivi. Bili inayokuachia asilimia 6.8 baada ya kodi inajizidisha kwa miaka 10 na nusu, lakini kwa uwezo wa kununua inapanda asilimia 1.7 tu kwa mwaka. Kikapu chako kikitakiwa kiwe viwili kweli, ni miaka 41. Bondi inayokuachia 11.7, kwa mfumuko huohuo, inakipata kikapu cha pili kwa miaka 11. Hii ndiyo sababu tunasisitiza bondi kwa fedha za muda mrefu: asilimia tano zaidi kwenye karatasi zinafupisha safari ya kweli kwa miaka 30.

Anayejiepusha na riba

Bili na bondi hizi zote ni za riba, na Lamu na Malindi ni miji ya Waislamu wengi. Anayejiepusha na riba hazimfai, hata ziitwe kwa jina gani, na hakuna mpango wa hesabu unaobadilisha hilo. Sukuk ndiyo njia iliyotengenezwa kwa ajili yake: inalipa kutokana na mali au mradi, kama kodi ya nyumba. Sukuk ya Linzi, iliyojengwa juu ya ujenzi wa nyumba, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi 2024. Ni ya kampuni binafsi, si ya serikali, kwa hiyo dhamana yake ni mradi wenyewe. Hesabu ya 72 inafanya kazi vilevile kwa faida ya sukuk, na shida ya malipo yanayolala benki ni ileile. Muulize mwanachuoni unayemwamini akiwa na waraka wa toleo mkononi, asijibu kwa jina tu.

Wanaoahidi miezi sita

Fedha zinazojizidisha kwa miezi sita ni riba ya asilimia 300 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja ni asilimia 100. Bondi ya Februari 2024, iliyokuwa ghali kwa serikali kuliko nyingi, ilikuwa 18.4607. Mtu akikuonyesha karatasi yenye nembo ya serikali na ahadi ya miezi, muombe nambari ya toleo, kisha itafute kwenye tovuti ya Benki Kuu. Haipo, ondoka. Serikali haitumi mawakala kukusanya fedha taslimu barazani, wala haipokei mtaji wa bondi kwa namba ya simu ya mtu. Ile M-Akiba ya 2017, bondi ya serikali iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 kwa asilimia 10 bila kodi, watapeli hulitumia jina lake kwa sababu watu wanalikumbuka. Kabla ya kutuma shilingi, hakikisha kuna toleo lililo wazi kwenye tangazo rasmi.

Warithi wako

Safari ya miaka 10 ni ndefu, na hati za siku hizi hazina karatasi ya kukutwa sandukuni. Andika kwenye daftari la nyumbani: nina akaunti ya CSD, namba yake ni hii, benki ni hii, hati ni hizi na tarehe zake za kuiva. Nywila usiandike. Mke, mume au mtoto mkubwa ajue daftari liliko. Ukifariki, warithi watahitaji cheti cha kifo na amri ya mirathi, ambayo kwa Waislamu inaweza kutolewa na Mahakama ya Kadhi, na kila mrithi atafungua akaunti yake ya CSD ili fungu lake la hati lihamishiwe humo. Bondi haivunjwi kwa sababu ya kifo. Kuponi zinaendelea kuhesabiwa hadi mirathi itakapokamilika.